Nyanya ndani ya nyumba: taa inasaidia wapi, na wapi inakula feza zetu



Hapa Bukavu mvua inaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka mwezi wa tano. Majani ya nyanya yakishinda na maji, mildiu inaingia. Ni ugonjwa ule ule unaoua viazi: madoa meusi kwenye majani, kisha tunda linaoza. Mwaka uliopita, katika kikundi chetu cha mama 12, ilimaliza karibu miche yote tuliyopanda nje.

Ndipo tulipofikiri kulima nyanya ndani ya nyumba, chini ya taa. Tulichukua feza za likirimba, tukanunua ampuli 3 za LED, kila moja wati 10. Mama mmoja alikataa: «Zamu yangu ni mwezi huu, minervali ya mtoto inaningoja.» Tulimwomba avumilie. Feza yake ilichelewa majuma mawili, na mtoto akarudishwa nyumbani siku 3. Sisi tulio walimu tunajua siku 3 ni masomo mangapi. Kwa hiyo tunadaiwa kusema ukweli juu ya taa hizo.

Tulikosea wapi

Kwanza, tulitundika ampuli karibu na dari. Miche ikawa mirefu na myembamba kama uzi, ikaanguka. Mmea ukikosa mwanga unajinyoosha kuutafuta. Tulipozishusha, miche iliyofuata ikawa mifupi na yenye nguvu.

Pili, tulitaka mmea uzae humo humo ndani. Ampuli moja ndogo haitoshi mmea mkubwa, na ndani hakuna upepo wala nyuki wa kutikisa maua. Maua mengi yalianguka. Baada ya miezi 4 tulivuna nyanya 7. Za sokoni zingekuwa rahisi zaidi. Yule mama alicheka, naye alikuwa na haki.

Taa inafaa kwa miche

Mtoto mchanga tunamlinda ndani, akipata nguvu anatoka. Mche ni vile vile.

Pandeni mbegu katika vikopo vilivyotobolewa chini. Mbegu haihitaji mwanga ili iote, inahitaji joto na unyevu. Kwa kawaida huota kwa siku 5 mpaka 10. Ikitokeza tu, washeni taa, upana wa kiganja juu ya majani, na kuipandisha kadiri mche unavyokua. Tumieni LED, kwa sababu ampuli za zamani zinachoma majani. Waya ziwe mbali na maji na watoto.

Acheni taa iwake masaa 14 mpaka 16, kisha izimwe. Nyanya isiyopata giza majani yake yanageuka manjano. Kuran ikikatika, wekeni vikopo dirishani mpaka irudi.

Mche ukiwa na majani 4 au 5 ya kweli, uzoesheni nje juma moja: siku ya kwanza saa moja kivulini, kila siku zaidi kidogo. Kisha upandeni katika mfuko wa udongo na samadi, chini ya ukingo wa mabati, mahali penye jua lakini mvua haigusi majani. Zikeni shina mpaka karibu na majani, maana shina la nyanya linatoa mizizi. Mwagieni maji chini, si juu ya majani.

Hesabu

Wati 10 kwa masaa 14 ni wati-saa 140 kwa siku. Kwa siku 28 ni karibu kilowati-saa 4. Hiyo inalea miche 20 au zaidi chini ya ampuli moja, si mmea mmoja tu.

Sasa ampuli zetu zinazunguka kwa zamu kama likirimba, na zamu ya kwanza tulimpa yule mama. Alipanda miche 6, mingine akauzia majirani. Na tumepatana hivi: feza ya zamu ya mwenzetu haiguswi tena. Jambo jipya tutalijaribu kwa feza kidogo ya kila mmoja, ile ambayo ikipotea hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani.