MAJI YAKIINGIA NYUMBANI

Mvua kubwa imenyesha usiku kucha. Mto umefurika na maji yameingia ndani ya nyumba. Kesho yake jua linawaka, maji yanaondoka, na watu wanarudi. Wanafagia tope na kuanika magodoro. Jioni wanalala humo humo. Je, wamefanya vema?

La, hawakufanya vema. Maji yameondoka, lakini hatari bado ipo. Nyumba ya udongo yaweza kusimama wakati wa mafuriko, kisha ikaanguka siku chache baadaye, watu wakiwa usingizini.

Mwezi wa Desemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulifurika wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro. Maji yalibomoa nyumba nyingi na kukata reli ya kati. Maelfu ya watu walikosa makazi. Mafuriko kama hayo yanaweza kutokea mahali pengi. Kwa hiyo kila mtu anapaswa kujua kupima madhara ya maji. Jiulize maswali manne.

1. Maji yalitoka wapi?

Maji ya mvua yaliyovuja paani si machafu sana. Maji ya mto au mtaro huchukua taka na mavi ya wanyama. Maji yaliyopita chooni ni mabaya kuliko yote. Huleta kipindupindu na homa ya matumbo. Osha sakafu na vyombo kwa sabuni na dawa ya klorini. Usinywe maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko kabla ya kuyachemsha.

2. Maji yalifika wapi?

Tazama mstari wa tope ukutani. Lakini usidanganyike. Maji hupanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Piga alama ya mkaa mahali unyevu ulipoishia. Kesho tazama tena. Kama unyevu umepita alama, ukuta bado unanywa maji.

3. Maji yalikaa muda gani?

Vitu vikikauka siku hiyo hiyo, haviharibiki sana. Vikikaa na unyevu siku moja au mbili, kuvu huanza kuota. Mahindi yaliyoota kuvu ni hatari. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Usiyale, wala usiwape kuku.

Mwenye duka naye aangalie mifuko iliyo chini kabisa. Mfuko waweza kuwa mkavu juu na umelowa chini. Saruji iliyoganda haijengi tena.

4. Nyumba imejengwa kwa kitu gani?

Tuseme maji yamefika magotini katika nyumba mbili jirani. Nyumba ya kwanza ni ya matofali ya kuchoma na saruji. Hii italowa, lakini ikikauka itabaki imara. Nyumba ya pili ni ya matofali mabichi. Tofali bichi likilowa hurudi kuwa tope. Nalo ndilo linalobeba ukuta wote na paa. Basi maji ni yale yale, lakini madhara si sawa. Nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo nayo ina hatari, kwa sababu udongo ule huyeyuka.

KAGUA KABLA YA KUINGIA

Zunguka nyumba kwa nje, mchana, ukiwa mbali kidogo na ukuta. Tazama mambo haya:

– Je, maji yamekula udongo chini ya msingi?
– Je, kuna ufa unaoweza kuingiza kidole, hasa kwenye kona?
– Je, ukuta umeinama? Funga jiwe kwenye kamba, uinue mbele ya macho yako, ulinganishe kamba na ukuta.
– Je, matofali ya chini yamevimba au yanamomonyoka?

Ukiona hata moja kati ya hayo, usilale humo. Watoto wasicheze karibu. Mwite fundi mwashi atazame, na uiarifu serikali ya kijiji. Kama nyumba ina umeme, usiguse swichi wala waya. Ngoja fundi wa umeme.

Usipoona dalili hizo, fungua milango na madirisha ili upepo upite. Usipige lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo uliolowa. Lipu hufungia maji ndani, na ukuta huoza taratibu bila wewe kuona.

Nyumba hujengwa tena. Mtu akifa harudi. Lala kwa jirani siku chache, mpaka ukuta ukauke.

MASWALI

1. Kwa nini nyumba ya udongo yaweza kuanguka baada ya maji kuondoka?
2. Alama ya mkaa ukutani inatusaidia kujua nini?
3. Katika kijiji chenu, ni nyumba zipi zilizo hatarini zaidi? Zungumzeni darasani mnachoweza kufanya kabla ya masika.