Lami ya Moyale ilivyoifungua Marsabit

KABLA ya lami kufika Moyale, msafiri aliyetaka kwenda Nairobi hakuuliza basi lingeondoka saa ngapi. Aliuliza lori la ng'ombe lingejaa lini.

Abiria walipanda juu ya lori, wakashikilia vyuma vilivyopita juu ya migongo ya mifugo, wakajifunga vitambaa usoni kujikinga na vumbi la jangwa la Dida Galgalu. Safari hiyo ya takriban kilomita 780 ingeweza kuchukua siku tatu, na wakati wa mvua hakuna aliyethubutu kutaja siku ya kufika. Malori yalisafiri kwa misafara yakisindikizwa na polisi wenye bunduki.

Si ajabu kwamba wenyeji wa kaskazini walipofunga safari ya Nairobi walisema wanaenda 'Kenya'. Ulikuwa mzaha, lakini wenye machungu ndani yake.

Siku hizi mabasi huondoka Moyale na kufika Nairobi kwa safari ya siku moja au usiku mmoja. Mabadiliko hayo yameletwa na jambo moja: fedha za serikali kuu, zilizokopwa kwa jina la Wakenya wote na kutandazwa katika kaunti inayopakana na Ethiopia, ambayo peke yake isingeweza kujijengea barabara hiyo.

Swali ambalo wakazi wa Marsabit wamekuwa wakijiuliza tangu hapo ni lingine. Je, mradi mkubwa wa taifa unapopita katika ardhi yao, ni kiasi gani cha faida kinachobaki nyuma?

Marsabit ni miongoni mwa kaunti kubwa zaidi nchini kwa eneo, lakini hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata wakazi 459,785 pekee. Wengi ni wafugaji, wakiwemo Waborana, Wagabbra na Warendille, waliotawanyika kati ya Mlima Marsabit, jangwa la Chalbi na ufuo wa Ziwa Turkana.

Kutengwa kwao hakukutokana na jua wala mchanga. Serikali ya mkoloni iliifanya kaskazini kuwa eneo lililofungwa, ambako mtu hakuingia wala kutoka bila idhini. Baada ya uhuru, waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo katika sehemu zilizoaminiwa kuwa zingezalisha haraka, yaani zenye mvua, mashamba na reli. Kaskazini iliambiwa isubiri. Hadi mwaka 1991 eneo hilo lilikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari.

Barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa kilomita 500 hivi, ilijengwa kwa vipande. Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) ilitoa mikopo kwa sehemu kubwa, Muungano wa Ulaya ukagharamia kipande cha Merille hadi Marsabit, na Hazina ya Kitaifa ikaongeza mchango wake. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika mpakani.

Ili kuelewa kwa nini kazi hiyo ililazimika kufanywa na serikali kuu, hesabu rahisi yatosha. Tangu mwaka wa kifedha wa 2021/22, mgao wa Marsabit kutoka kwa mapato ya taifa umekuwa zaidi ya Sh7 bilioni kwa mwaka. Tuseme kilomita moja ya lami ingegharimu Sh50 milioni, makadirio ya chini kwa barabara kuu. Kilomita 360 kutoka Merille hadi Moyale zingemeza Sh18 bilioni. Kaunti ingelazimika kufunga hospitali zake zote na kutolipa mishahara kwa zaidi ya miaka miwili, na bado isifike Moyale.

Faida ya kwanza ilionekana katika bei ya mifugo, ingawa huenda mgeni asiitambue.

Mfanyabiashara anayenunua ng'ombe Moyale ili kumuuza Nairobi huanza kwa bei ya Nairobi, kisha huondoa gharama zote zilizo njiani: mafuta, magurudumu yatakayopasuka, siku ambazo lori litakwama, ng'ombe watakaokufa au kukonda na hatari ya kuvamiwa. Kinachobaki ndicho anachopewa mfugaji. Kwa maneno mengine, aliyelipia ubovu wa barabara miaka hiyo yote hakuwa mwenye lori. Alikuwa mfugaji.

Lami ilipopunguza siku tatu hadi moja, makato hayo yalipungua. Bila shaka si shilingi yote iliyookolewa iliyomfikia mwenye ng'ombe, kwani mabroka nao wana njaa yao. Hata hivyo, mfugaji mwenye simu ya mkononi, anayejua bei ya siku hiyo na kuona malori kadhaa yakisubiri, ana nguvu ya kukataa ambayo babake hakuwa nayo.

Nguvu hiyo ina thamani kubwa zaidi ukame unapobisha hodi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mapema 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo na Marsabit ikawa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Aliyekuwa karibu na lami aliweza kuuza baadhi ya mifugo kabla haijakonda, na chakula cha msaada kilimfikia mapema. Aliyekuwa mbali nayo alibaki akihesabu mizoga.

Kwa wagonjwa, tofauti ni kati ya uhai na kifo. Mama mjamzito anayepewa rufaa kutoka Moyale hadi hospitali kubwa zaidi hasafirishwi tena juu ya mawe kwa siku nzima.

Usalama nao una hadithi yake. Mnamo Julai 2005, washambuliaji waliivamia Turbi, kijiji kilicho kando ya barabara hiyo, na kuua zaidi ya watu 50, wakiwemo watoto wa shule. Aprili 2006, wabunge wa eneo hilo, akiwemo Dkt Bonaya Godana wa North Horr, waliangamia ndege ilipoanguka karibu na mji wa Marsabit wakiwa katika ziara ya kutafuta amani. Barabara nzuri huwawezesha maafisa wa usalama kufika haraka, lakini haipatanishi watu. Mapigano makali yaliyowafanya maelfu ya wakazi wa Moyale kukimbilia Ethiopia mnamo 2012 na 2013 yalitokea ujenzi ukiwa tayari unaendelea.

Katika mpaka wenyewe, Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu wa Ethiopia Abiy Ahmed walizindua kituo cha pamoja cha forodha mnamo Desemba 9, 2020. Katika kituo cha aina hiyo, maafisa wa nchi zote mbili hukagua mzigo mahali pamoja badala ya lori kusimama mara mbili. Ethiopia haina bandari yake na ina zaidi ya watu milioni 100. Waliochora mpango wa barabara hiyo walikuwa wakiwaza Mombasa na Addis Ababa. Moyale ilikuwa katikati tu.

Hapo ndipo penye utata. Si kila mradi unaopita Marsabit unaisaidia Marsabit kwa kiwango sawa, na mfano ulio wazi zaidi ni umeme.

Katika eneobunge la Laisamis, karibu na Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Serikali ilijenga laini ya kilomita 428 kuusafirisha umeme huo hadi Suswa, katika Bonde la Ufa. Laini nyingine, ya kilomita 1,045 kutoka Ethiopia, pia hupita katika kaunti hiyo ikielekea Suswa, na tangu Novemba 2022 Kenya imekuwa ikinunua umeme kupitia kwayo.

Wakati mitambo hiyo ilipozinduliwa, mji wa Marsabit wenyewe ulikuwa ukitegemea zaidi jenereta za dizeli. Umeme uliozalishwa nyumbani ulipita juu ya vichwa vya wenyeji kwenda kuwasha taa za wengine. Sababu ya kiufundi ipo: waya wa nguvu nyingi hauwezi kuingizwa nyumbani bila kituo cha kupoza umeme, nacho ni ghali. Lakini kituo kama hicho hujengwa pale ambapo mtu fulani ofisini ameamua kijengwe.

Ardhi ya mradi huo wa upepo pia ilizua kesi, na Oktoba 2021 mahakama ya ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki zake zilitolewa bila kufuata utaratibu.

Kuna pia fedha ambazo hata hazikupita; zilizama. Bwawa la Badasa, lililoanza kujengwa mwaka 2009 ili kuukomboa mji wa Marsabit kutokana na uhaba wa maji, lilikwama kabla ya kukamilika. Kwa zaidi ya miaka 10 wakazi waliendelea kununua maji kwa madumu.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuziba pengo hili kwa Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Marsabit ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza kuorodheshwa. Hata hivyo, fedha hizo zimekuwa zikitolewa polepole, na kipengele hicho cha katiba kitakoma mwaka 2030 Bunge lisipokirefusha.

Pamoja na hayo, lami yenyewe huzeeka. Ukarabati wa barabara hutegemea ada inayotozwa kila lita ya petroli na dizeli, iliyopandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 mwaka 2024. Mwaka huohuo magavana na wabunge walianza kuvutana kuhusu Sh10.5 bilioni za ada hiyo, kila upande ukidai ndio unaostahili kuzisimamia.

Wakati wakubwa hao wakivutana, dereva anayetoka North Horr kuelekea mjini Marsabit bado huvuka Chalbi kwa kufuata nyayo za magurudumu mchangani. Mvua ikinyesha, jangwa hilo hugeuka tope na ziwa la muda. Mfugaji mwenye mbuzi wa kuuza husubiri likauke.