Kocha anapopiga debe ofisi ya udahili

Kila ifikapo tarehe 10 Machi, familia nyingi ndani na nje ya Marekani hukaa roho juu zikisubiri majibu. Ndiyo siku ambayo shule nyingi za bweni za binafsi nchini humo hutangaza nani kapata nafasi na nani kakosa. Watoto wamefanya mtihani wa kujiunga uitwao SSAT, wameandika insha, wamesailiwa. Wote wanasubiri, ila wapo wanaosubiri kwa utulivu kuliko wenzao, kwa sababu ndani ya shule kuna mtu aliyewapigia debe miezi kadhaa kabla. Mtu huyo ni kocha.

Shule zenye jina kubwa zaidi zimejazana New England, kaskazini mashariki mwa nchi. Phillips Academy ya Andover ilianzishwa mwaka 1778, Phillips Exeter mwaka 1781 na Deerfield mwaka 1797. Ada pamoja na malazi katika shule nyingi za aina hii imepita dola 60,000 kwa mwaka, na bado waombaji ni wengi kuliko vitanda. Penye uhaba kama huo, neno la mtu wa ndani lina uzito.

Kocha wa shule hizi si mtu anayekuja jioni na filimbi kisha akaondoka. Kwa desturi ya miaka mingi, mwalimu mmoja hubeba kazi tatu: asubuhi yuko darasani, alasiri yuko uwanjani, usiku ni mlezi wa bweni. Anakula ukumbi mmoja na maofisa wa udahili, na mara nyingine ofisa wa udahili mwenyewe ndiye kocha. Halafu kuna hesabu ya timu. Exeter, yenye wanafunzi wapatao 1,100, inashindana katika michezo zaidi ya 20. Kila Juni wahitimu wanaondoka, na kila Septemba mapengo yao yanatakiwa yawe yamezibwa.

Safari ya orodha

Tumchukulie kocha wa hoki ya barafuni ambaye golikipa wake anamaliza shule mwakani. Kiangazi chote anazunguka kwenye mashindano ya vijana akitafuta mrithi. Akiwapata watatu wanaomfaa, anawaomba wajaze fomu ya wanamichezo kwenye tovuti ya shule, watume video na ripoti zao za masomo. Kocha mzoefu hufungua ripoti kabla ya video, maana anajua ofisi ya udahili haitahangaika na kijana asiyeyaweza masomo hata awe hodari vipi golini.

Vuli ikifika, mtoto na wazazi wake wanatembelea shule. Wanazungushwa madarasani na mabwenini, mtoto anasailiwa, kisha anapelekwa kuonana na kocha. Dirisha la maombi linafungwa Januari au mwanzoni mwa Februari, na kocha anawasilisha orodha yake: wa kwanza huyu, wa pili huyu, wa tatu huyu. Mpangilio huo ndio silaha yake. Akidai kila mtoto ni wa lazima, mwakani hakuna atakayemsikiliza.

Uamuzi wa mwisho ni wa kamati ya udahili. Mezani pake kuna faili la golikipa, la mpiga fidla anayehitajika kwenye okestra, la mtoto ambaye babu yake alisoma hapo, na la binti mwenye alama nzuri asiye na mtu wa kumsemea. Waombaji wengi wanaofika hatua hii wanayaweza masomo, na ndiyo maana neno la kocha lina nguvu: linawatenganisha watu wanaolingana. Golikipa anapata barua ya kukubaliwa. Binti anaweza kuishia kwenye orodha ya kusubiri bila kujua kilichomweka huko.

Fedha isiyoitwa ufadhili wa michezo

Kanuni za mashindano ya shule za New England zinataka msaada wa ada utolewe kwa kuangalia uwezo wa familia. Hakuna ufadhili wa kimichezo. Kwenye karatasi, jambo hilo limenyooka.

Tatizo ni mfuko. Shule chache tajiri, Andover ikiwamo, hudahili bila kujali kama familia ina uwezo wa kulipa. Nyingi haziwezi. Zina bajeti ya misaada yenye kikomo, na wenye uhitaji ni wengi kuliko fedha iliyopo. Hapo inabidi ichaguliwe nani kati ya wahitaji asaidiwe, na kocha anapomsemea mmoja wao, neno lake linaamua pia fedha iende wapi. Kanuni haijavunjwa, lakini mtoto mwingine mwenye uhitaji uleule amekosa.

Shinikizo linatoka juu pia, vyuoni. Kesi ya udahili wa Chuo Kikuu cha Harvard, iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, ilionyesha kuwa wanamichezo walioteuliwa na makocha walikubaliwa kwa kiwango cha takriban asilimia 86, wakati waombaji kwa jumla hawakufika asilimia 10. Skwoshi, makasia na vitara ni michezo inayofundishwa kwa wingi katika shule za bweni za kifahari na kwa nadra katika shule za umma. Mzazi anayeelewa hilo hanunui elimu ya sekondari tu. Mwaka 2019 ikafichuka kashfa ya makocha wa vyuo waliopokea hongo ili kuwaorodhesha watoto wa matajiri kama wanamichezo. Waliokuwa makocha wa soka la wanawake Yale na wa tenisi Georgetown walikiri makosa. Neno la kocha lisipohakikiwa na mtu mwingine, litapata bei.

Kwa mzazi wa huku kwetu

Habari hii inatuhusu. Sheria ya Marekani inamruhusu mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 kusoma sekondari ya umma kwa muda usiozidi miezi 12, tena akilipa gharama zote. Shule binafsi hazina ukomo huo, na ndiyo maana vipaji kutoka Afrika hupitia huko. Mchezaji wa mpira wa kikapu Luol Deng, mzaliwa wa Wau, Sudan Kusini ya leo, alitoka London akiwa na miaka 14 kwenda Blair Academy, shule ya bweni New Jersey, kisha Chuo Kikuu cha Duke, na mwaka 2004 akaingia NBA. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alimalizia sekondari katika shule binafsi ya Cypress Christian, Houston, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko.

Milango hiyo ni ya kweli, na kocha mwema aliyemwona mtoto asiyejulikana na kumtetea amefanya jambo kubwa. Lakini mzazi akumbuke kocha anatafuta nini: anaziba pengo la timu. Anaweza kumpenda mtoto kwa dhati, na bado mwakani akahamia shule nyingine na ahadi zake zikaondoka naye.

Kwa hiyo, ahadi ya simu isichukuliwe kuwa nafasi. Nafasi ni barua ya ofisi ya udahili, na fomu ya I-20, ambayo hutolewa na shule iliyoidhinishwa na serikali ya shirikisho. Ukipigiwa na wakala anayetaka fedha kwanza na barua baadaye, kata simu. Iulize shule, kwa maandishi, maswali matatu: msaada wa ada ni kiasi gani na kwa miaka mingapi? Nani atamlea mtoto wakati wa likizo? Akiumia goti asiweze tena kucheza, msaada utaendelea? Kama kweli msaada umetolewa kwa sababu ya kipato cha familia, goti halipaswi kubadili chochote, na shule haina sababu ya kuona ugumu kuandika hivyo.

Shule nazo zina deni. Ziseme hadharani kila mwaka ni nafasi ngapi zimekwenda kwa watoto waliopendekezwa na makocha, na ni sehemu gani ya fedha za misaada imewafuata. Sioni ubaya wa kipaji cha mguu au mkono kuhesabiwa pamoja na kipaji cha kalamu. Ubaya ni kumwacha mtoto asiye na mtetezi akiamini kwamba ameshindwa, ilhali hakuambiwa mashindano yenyewe yalikuwa ya nini.