Kidole gumba cha mtoto kikikwama, usikivute

Wazazi wengi huliona wakati wa kumwogesha mtoto. Ana mwaka mmoja na nusu au miwili, mama anataka kumsafisha kiganja, kidole gumba kinakataa kunyooka. Ncha imejikunja, lakini mtoto hana homa na anacheza kama kawaida. Hapo ndipo maswali huanza. Alianguka lini? Nani alimvuta mkono? Anayebanwa kwanza ni dada wa kazi, na si ajabu akafungashiwa virago kwa kosa ambalo hakulitenda.

Tatizo halipo kwenye mfupa. Kano, ile kamba inayovuta kidole kikakunjika, hupita ndani ya njia nyembamba kama uzi kwenye tundu la sindano. Kwa watoto hawa kano imenenepa sehemu moja na kufanya fundo, nalo likifika kwenye mlango wa njia hiyo linagoma kupita. Mzazi akipapasa shina la kidole gumba, upande wa kiganja, mara nyingi atahisi kitu kigumu kama punje ya choroko.

Kwa kawaida hali hii hujitokeza kati ya umri wa mwaka mmoja na mitatu, bila mtoto kuumia popote. Huweza kushika mikono yote miwili, hivyo kagua na wa pili.

Kosa kubwa ni kukivuta au kumpeleka mtoto kwa mkandaji akinyooshe kwa nguvu. Fundo haliishi kwa kuvutwa, na mtoto anaumia bure. Mpeleke kwa daktari wa mifupa. Mara nyingi atalitambua kwa kupapasa tu. Haraka inahitajika pale kidole kinapokuwa chekundu, kimevimba, mtoto ana homa, au alianguka kweli na sasa analia akiguswa.

Baada ya hapo kuna muda wa kufikiri. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia vidole gumba 71 bila kuvitibu, na takriban 63 kati ya kila 100 vilinyooka vyenyewe. Lakini vingi vilichukua miaka, siyo wiki. Madaktari wengine humpa mtoto gango la kuvaa usiku au humfundisha mzazi kunyoosha taratibu. Kusubiri si uzembe, mradi mtoto anarudishwa kliniki kukaguliwa.

Kidole kikiendelea kugoma, upasuaji wake ni mdogo. Kazi kubwa, kusema kweli, ni dawa ya usingizi, kwa kuwa mtoto wa umri huo hawezi kutulia kwa ganzi ya mkononi peke yake. Daktari hukata kidogo kwenye mkunjo ulio chini ya kidole na kufungua ule mlango uliobana. Kidole hunyooka hapohapo mezani. Mishipa ya fahamu ya kidole gumba hupita karibu sana na hapo, kwa hiyo kazi hii ni ya daktari aliyezoea mikono ya watoto. Wengi huruhusiwa siku hiyohiyo. Kinachobaki ni kulinda kidonda kisilowe wala kuchezewa mchanga. Kama una bima, uliza mapema inagharamia nini.

Bibi au mama mwenye kidole kinachokwama asubuhi kisha kufyatuka kwa maumivu ana ugonjwa wa jamii hiyohiyo, ila tiba yake huanzia kwingine: kupumzisha mkono, gango, halafu sindano ya steroidi. Akipasuliwa, ganzi ya mkononi kwa kawaida inatosha. Watu wenye kisukari hupata tatizo hili zaidi, kwa hiyo asiyewahi kupima sukari apime. Na mwenye kisukari amwambie daktari kabla ya kuchomwa, kwa sababu sindano hiyo huweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa.