Kusoma na Kukariri: Wanachofundishwa Watoto Wadogo katika Shule za Kikristo za Morogoro

Shule ya msingi ya Kikristo nchini Tanzania, yaani shule inayomilikiwa na kanisa au shirika la watawa lakini imesajiliwa na hukaguliwa na serikali, hubeba mafundisho ya namna mbili kwa pamoja: mtaala wa taifa unaoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na mafundisho ya dini yanayopangwa na kanisa lenyewe. Mjini Morogoro na katika vijiji vya milima ya Uluguru mafundisho hayo hukutana kwa karibu zaidi katika kusoma, kwa kuwa kanisa humtaka mtoto ayajue maneno ya imani yake, na serikali humtaka aweze kusoma andiko lolote atakalopewa. Kuyajua maneno na kuyasoma ni mambo mawili, na historia ya shule za milimani inaonyesha jinsi yalivyochanganywa kwa muda mrefu.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, walifika Mhonda katika milima ya Nguru mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882, kisha Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru, mwaka 1897. Shirika hilo ndilo la Padre Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, na kwa hiyo si ajabu kwamba lugha ya mafundisho ilikuwa Kiswahili, ingawa watoto wa milimani walitoka nyumbani wakizungumza Kiluguru. Kazi ya kufundisha vijijini iliwaangukia zaidi makatekista, yaani walimu wa dini wasio mapadre, ambao chombo chao kikuu kilikuwa katekisimu, kitabu kidogo cha mafundisho ya imani kilichopangwa kwa maswali na majibu.

Mwalimu aliuliza, watoto wakaitikia kwa pamoja, na baada ya miezi kadhaa mtoto aliweza kupitisha kidole juu ya mistari huku akitamka kila neno bila kukosea, hata mtu aliyemtazama akaamini kwamba anasoma, ilhali ukimfungulia ukurasa asiouzoea hakuweza kuusoma. Kukariri kwenyewe hakustahili kudharauliwa, kwani Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, walihifadhi nasaba na haki za ardhi kwa kumbukumbu ya wazee, na mtoto mwenye kumbukumbu nzuri alikuwa na hazina kweli. Kosa lilikuwa kuhesabu kumbukumbu hiyo kuwa ndiyo kusoma.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, na ilikuwa hasa baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndipo makanisa yalipopata nafasi pana ya kufungua tena shule za msingi. Tatizo la watoto kupanda madarasa bila kujua kusoma, hata hivyo, halikuwa la shule za dini peke yake, na ndilo lililoleta mtaala wa mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, uliojulikana kwa herufi KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambao ulitenga takribani asilimia 80 ya muda wa masomo kwa stadi hizo tatu.

Katika kufundishwa KKK mtoto huanza na sauti kabla ya jina la herufi: huzisikia irabu tano, a, e, i, o, u, kisha huunganisha konsonanti na irabu kupata silabi kama ba, be, bi, bo, bu, na baadaye hukutana na sauti ngumu zaidi zinazoandikwa kwa herufi mbili au zaidi, kama vile mb, nd, ch na ng'. Kiswahili humsaidia sana hapa, kwa sababu maandishi yake hufuata matamshi karibu kila mara, hata mtoto aliyeshika silabi zake barabara anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Mwalimu makini humpa kwa makusudi neno geni, au hata silabi zisizo na maana, kwa kuwa hapo kumbukumbu haina la kumsaidia na kinachobaki ni kusoma kwenyewe. Kutamka nako hakutoshi, kwa hiyo huulizwa habari ya kile alichosoma, jambo linaloitwa ufahamu, na shule inayoruka hatua hiyo kwa haraka ya kuwaonyesha wazazi matokeo humdhulumu mtoto.

Kuhesabu hufundishwa kwa vitu vinavyoshikika, kama vizibo vya soda, mbegu na vijiti vinavyofungwa kumikumi ili mtoto aone kwa macho maana ya makumi na mamoja. Afya na mazingira hufundishwa pia, na katika shule za Morogoro somo hilo hukutana vizuri na la dini, kwani mtoto anayesimuliwa habari ya uumbaji anaweza kuonyeshwa dirishani milima yenye misitu inayolisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam.

Mafundisho ya dini kwa wadogo ni sala za kila siku, hadithi za Biblia kama ya Nuhu na ya Msamaria mwema, Amri Kumi na nyimbo, na kwa Wakatoliki huongezeka maandalizi ya komunyo ya kwanza, yaani kupokea kwa mara ya kwanza ekaristi, mkate ambao kanisa hilo huamini kuwa ni mwili wa Kristo. Wanaofundisha dini hawana budi kukumbuka kwamba Ibara ya 19 ya Katiba humpa kila mtu uhuru wa kuabudu, nao si jambo la nadharia tu katika mji kama Morogoro, ambako Waislamu na Wakristo huishi mtaa mmoja.

Shule nyingi za msingi za makanisa mijini hufundisha kwa Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake haifuati matamshi na ambayo watoto wengi hawaisikii nyumbani. Kwa hiyo hatari ya zamani inaweza kurudi kwa sura mpya, kwa kuwa mtoto wa darasa la kwanza huweza kuimba kurasa za Kiingereza kwa ufasaha unaowafurahisha wazazi siku ya mahafali, pasipo kuelewa anachotamka. Mtoto huyohuyo anapohudhuria mafundisho parokiani, ambako katekista bado hufundisha kwa Kiswahili, hupewa kitabu chenye maneno ya lugha anayoielewa, na akiombwa kusoma mstari ambao hajawahi kuusikia, huanza kuunganisha silabi taratibu mpaka neno limtoke lenye maana.