Virusi Mchanganyiko katika Viazi Vitamu: Chunguza Marando Kabla ya Kununua

Viazi vitamu huzalishwa kwa marando. Kwa sababu hiyo, anayenunua mzigo wa marando hununua pia maradhi yaliyokuwamo katika mmea uliokatwa. Yaliyo hatari zaidi katika Afrika Mashariki, ikiwemo Kanda ya Ziwa, ni ugonjwa wa virusi vya viazi vitamu.

Virusi viwili, ugonjwa mmoja

Ugonjwa huu husababishwa na virusi viwili vinavyokutana katika mmea mmoja. Cha kwanza, SPFMV, huenezwa na vidukari. Kikiwa peke yake, aghalabu mmea hauoneshi dalili yoyote. Cha pili, SPCSV, huenezwa na inzi weupe, nacho kikiwa peke yake hudumaza mmea kwa kiasi kidogo. Vikikutana, hiki cha pili huvuruga kinga ya asili ya mmea, na kile cha kwanza huongezeka maradufu mara nyingi. Hapo mavuno yanaweza kupungua kwa zaidi ya nusu, na kwa aina zisizostahimili, shamba linaweza kukosa mavuno karibu yote.

Dalili zake

- Majani madogo, membamba, yaliyojikunja au kukunjamana.
- Majani yaliyopauka au yenye rangi ya manjano, hasa kandokando ya mishipa.
- Mmea uliodumaa ukilinganishwa na mingine ya umri uleule.

Je, ni salama kuliwa?

Ndiyo. Virusi hivi hushambulia mimea na havimwambukizi binadamu. Viazi na matembele ya mmea ulioambukizwa havimdhuru mlaji kwa sababu ya virusi hivyo. Hasara iliyopo ni ya mavuno: viazi huwa vichache na vidogo.

Kabla ya kununua

1. Omba kuliona shamba yalikokatwa marando. Mzigo uliokwisha kufungwa huficha mengi, na rando lenye kirusi kimoja laweza kuonekana zima.
2. Uliza iwapo shamba hilo limekaguliwa na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), na utazame lebo ya mbegu zilizothibitishwa au za kuazimiwa ubora.
3. Uliza jina la aina, na iwapo inastahimili virusi. Kustahimili si kutoambukizwa kabisa.
4. Dai risiti na uitunze. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha malalamiko.

Baada ya kupanda

Kagua shamba kila wiki katika mwezi wa kwanza. Ng'oa mmea wenye dalili pamoja na mizizi yake, kisha uuteketeze au uufukie. Hakuna dawa inayoponya mmea ulioambukizwa. Viuadudu huua wadudu waenezao tu, hivyo usikubali kuuziwa "dawa ya virusi". Usipande shamba jipya kando ya shamba kuukuu lenye ugonjwa, na usikate mbegu za msimu ujao kutoka mmea uliodumaa, hata kama una marando machache.

Ukiuziwa marando yenye ugonjwa

Usiyapande wala kumgawia jirani, kwa kuwa rando moja laweza kuwa chanzo cha maambukizi kwa mashamba ya jirani. Yahifadhi yakiwa yamefunikwa, mbali na shamba, na utoe taarifa mapema kwa afisa ugani wa kata au ofisi ya TOSCI iliyo karibu, ukiwa na risiti na lebo.