Tiba ya Kusisimua Ubongo kwa Sumaku na Kiu ya Pombe: Maelezo kwa Wanajeshi wa Zamani na Familia Zao

Kiu ya pombe hutokana na nini?
Unywaji wa muda mrefu hubadilisha utendaji wa ubongo. Tamaa hupata nguvu, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kujizuia, hudhoofika. Kwa aliyepitia vita, jinamizi na kukosa usingizi huweza kuamsha kiu hiyo hata baada ya miezi mingi bila kunywa. Haya ni maradhi yanayotibika. Si upungufu wa maadili.

Tiba hufanywaje?
Mgonjwa huketi akiwa macho, bila dawa ya usingizi. Koili inayowekwa juu ya kichwa hutoa mapigo ya sumaku yanayosisimua sehemu ya mbele ya ubongo. Matibabu hurudiwa kwa wiki kadhaa. Maumivu ya kichwa ya muda mfupi ni ya kawaida. Degedege hutokea kwa nadra.

Je, imethibitishwa?
Tangu Novemba 2021, Medicare huchangia gharama za tiba hii kwa sonona kali isiyopona kwa dawa. Kwa kiu ya pombe, bado inachunguzwa. Tiba zilizothibitishwa ni ushauri nasaha na dawa kama naltreksoni na akamprosati.

Daktari aelezwe nini?
Aelezwe iwapo mgonjwa ana vipande vya risasi au bomu mwilini, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kifafa, au aliwahi kujeruhiwa kichwani. Aelezwe pia kiasi halisi cha pombe, bila kuficha kwa sababu ya aibu.

Muhimu: Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla ili kujiandaa kwa tiba. Kuacha ghafla huweza kuleta degedege na hata kifo. Aache chini ya uangalizi wa daktari. Akipatwa na degedege au kuchanganyikiwa, pigeni 000 mara moja.

Msaada
- ADIS, kwa wakazi wote wa New South Wales, saa 24: 1800 250 015. Aliyetumikia jeshi la nchi nyingine anaweza kuanzia hapa.
- Open Arms, kwa waliotumikia Jeshi la Ulinzi la Australia na familia zao, saa 24: 1800 011 046.
- Mkalimani wa Kiswahili: 131 450. Mtoto asifanywe mkalimani wa mzazi wake.

Jijini Sydney, Hospitali ya Concord ina kituo cha kitaifa cha afya ya wanajeshi wa zamani.